Tathmini: Miezi tisa ya kujitolea katika kituo cha msaada wa kisheria jijini Mbeya

Kituo ninachokitathmini kipo jijini Mbeya, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo zamani ilikuwa duka la pembejeo, na siku za mvua harufu ya dawa ya kuhifadhia mahindi bado hupanda kutoka sakafuni. Sitakitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko juu yake, na waliomo wana kazi ngumu ya kutosha bila kuongezewa ya kujitetea. Kazi yao ni kuwasaidia bila malipo watu wanaofanyiwa ukatili majumbani, kwa ushauri, kwa kuandika nyaraka na kwa kuwasindikiza katika ofisi zinazohusika. Nilijitolea pale kuanzia Februari hadi Oktoba mwaka jana, siku tatu kwa wiki, baada ya kustaafu ukarani wa masijala nilioufanya kwa miaka 31. Wengi waliokuja walikuwa wanawake, ingawa katika kipindi changu walifika pia wazee wawili wa kiume waliokuwa wakipigwa na watoto wao wa kuwazaa kwa ajili ya mashamba.

Nakipendekeza kituo hiki kwa mwenye shida na kwa anayetaka kujitolea, lakini nakipendekeza kwa sharti moja, ambalo nitalieleza nikifika kwenye habari ya usuluhishi.

Mafunzo ya kuanzia yalichukua siku sita, katika ukumbi wa kanisa uliokodiwa, na sijutii hata saa moja niliyokaa pale. Mwezeshaji alianza kwa takwimu ya utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2015–16, uliobaini kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa walau mara moja tangu walipotimiza miaka 15. Kisha akanyamaza. Wanawake tulikuwa kumi chumbani, na niliona wazi kwamba kila mmoja wetu alikuwa akihesabu kimyakimya, akitafuta wanne ni akina nani, na akijua kama yeye yumo au hayumo.

Baada ya hapo tuliingia kwenye sheria. Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili wa majumbani tangu mwaka 2015, na Uganda tangu mwaka 2010, ilhali Tanzania bado hatuna sheria moja inayojitegemea juu ya jambo hili, hivyo anayetaka kumsaidia mtu aliyepigwa nyumbani hulazimika kuokota vipande: kimoja kwenye Kanuni ya Adhabu, kingine kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kingine kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tulisomewa kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, ambacho kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Mzee mmoja tuliyekuwa tukifundishwa naye, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa kwa miaka mingi, aliomba kifungu hicho kirudiwe, akakinakili kwa mkono wake, halafu akauliza kwa nini hakuwahi kuambiwa habari zake wakati alipokuwa akiamua ugomvi wa watu barazani kwake.

Somo lililonifaa kuliko yote lilikuwa lile ambalo mwezeshaji aliliita “mtu mmoja, mafaili mawili”. Mwanamke aliyepigwa ana jambo la jinai, ambalo huanzia polisi na ambamo Jamhuri ndiyo inayoshtaki, yeye akiwa shahidi. Na huenda pia ana jambo la ndoa, kama vile talaka, mgawanyo wa mali au malezi ya watoto, ambalo ni lake mwenyewe kulipeleka mahakamani. Kwa talaka, sheria inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa litoe hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, isipokuwa katika mazingira maalumu yaliyotajwa na sheria yenyewe. Kwa kipigo hakuna takwa la namna hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyevunjwa mkono apatanishwe kwanza ndipo aende polisi. Mtu anayeyachanganya mafaili haya mawili humrudisha mwanamke nyumbani huku akiamini kwamba ametimiza sheria, na nimeona wasomi wakiyachanganya.

Tulifundishwa pia mipaka yetu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua na kuwasajili wasaidizi wa kisheria, inawakataza kumtoza mteja malipo, na haiwaruhusu kusimama mahakamani kama mawakili. Sisi wa kujitolea ambao hatujasajiliwa tulikuwa chini hata ya hao: kazi yetu ilikuwa kupokea watu, kuandika maelezo, kutafsiri kwa wasioweza kujieleza vizuri kwa Kiswahili, kutunza daftari na kusindikiza. Anayekuja na ndoto ya kutoa hoja mbele ya hakimu atavunjika moyo ndani ya wiki moja.

Ubora wa huduma hii nitauonyesha kwa shauri moja, ambalo nimelibadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Mwezi Machi, siku ya Jumatano yenye manyunyu, alifika mama mmoja kutoka milima ya Uporoto, amefunga kanga kichwani hadi karibu na nyusi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi.”

“Nina shida kidogo ya nyumbani.”

Fomu yetu inamwita mtu kama huyu manusura, na ina visanduku vya kuweka alama ya vema kwenye aina ya ukatili. Katika miezi tisa sikumsikia mteja hata mmoja akijiita manusura wala akitamka neno ukatili. Wote walikuwa na shida kidogo ya nyumbani, na anayejitolea lazima ajifunze kusubiri hadi hiyo “kidogo” iishe. Kwa mama huyu ilichukua takriban nusu saa na kikombe cha chai ya rangi. Alipoivua kanga, upande wa kushoto wa paji la uso ulikuwa umevimba na ngozi imepasuka.

Kijana aliyekuwa akiandika maelezo, mwanafunzi wa sheria aliye mahiri sana, aliandika kwamba mlalamikaji alishambuliwa kwa kitu kizito na mume wake ambaye amekuwa na tabia hiyo kwa muda mrefu. Siku za Jumatano huja wakili anayejitolea kwa nusu siku. Aliisoma karatasi ile akiwa amesimama.

“Yeye alisema kitu kizito?”

“Alisema mpini wa jembe.”

“Basi andika mpini wa jembe. Na umuulize ulikuwa wapi kabla hajaushika.”

Mama akajibu mwenyewe kwamba mpini ulikuwa nyuma ya mlango, mpya, haujawahi kutiwa jembe. Mume wake alimnunulia yeye gulioni wiki ileile kwa sababu wa kwake ulikuwa umevunjika shambani. Maelezo yale yaliandikwa upya, yakiwa na gulio, mlango, mpini, na saa ya usiku iliyokadiriwa kwa majirani waliokuwa wakirudi kutoka msibani. Nimepitisha mikononi mwangu maelfu ya majalada, na naweza kusema kwamba tofauti kati ya karatasi ile ya kwanza na ya pili ndiyo tofauti kati ya jalada linalokwenda na jalada linalolala. Karatasi ya kwanza ingeweza kuandikwa juu ya mwanamke yeyote. Ya pili ilikuwa yake, na aliposomewa aliitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayehesabu magunia yake yakipakiwa.

Baada ya hapo ikaja kazi ya miguu. Mama huyu alikuwa amekwisha kwenda zahanati asubuhi, wakamwosha kidonda na kumwambia alete PF3 kwanza, naye hakujua PF3 ni kitu gani wala inauzwa shilingi ngapi. Haiuzwi. Ni fomu ya polisi namba 3, inatolewa bure polisi, daktari anaijaza baada ya kumpima majeruhi, na ndiyo inayobeba habari ya jeraha hadi mahakamani. Nilikwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, tukapata namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi, pamoja na fomu, tukaenda hospitali, tukasubiri, ikajazwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri, tukairudisha kwa askari aliyeitoa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Fomu nyingi hufia kwenye pochi, kwa kuwa mtu akishatibiwa hudhani karatasi imemaliza kazi yake. Ilikuwa saa kumi jioni tulipoachana, na katika muda wote ule sikumpa ushauri wowote wa kisheria. Nilikuwa nikijua tu dirisha lipi linafuata na nikiketi naye kwenye benchi. Kama nitaulizwa kituo kile kinafanya nini kizuri kuliko ofisi nyingine yoyote niliyoifahamu, jibu langu ni hilo: mteja haelekezwi, anapelekwa.

Upande wa mali na matunzo kituo kinafanya vizuri pia, hasa katika miezi ya mauzo. Mpunga ukishauzwa Mbarali na kakao ikishauzwa Kyela, huja wanawake ambao wamelima msimu mzima na ambao waume zao wamechukua fedha zote na kuhamia kwingine. Hapo nilimwona wakili akiwaeleza kwa lugha nyepesi uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Aliwaambia vilevile, na nilimheshimu kwa kutoficha, kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka mahakamani na mgawo zaidi, kwa kuwa mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha na yeye Bi Hawa akazitumia vibaya. Waliokuwa hawana cheti cha ndoa aliwaeleza kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo, ambacho humfanya mtu aliyeishi na mwenzake kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mke na mume ahesabiwe kuwa alifunga ndoa, hadi ithibitike vinginevyo. Niliona mabega ya watu yakishuka waliposikia hilo, maana wengi huamini kwamba bila cheti hawana hata mlango wa kubisha.

Sasa nieleze yasiyoridhisha, na nianze na jengo. Chumba cha mahojiano kimetengwa na sehemu ya kusubiri kwa ukuta wa plaiwudi usiofika darini, na benchi la kusubiri limewekwa kando ya ukuta huohuo. Anayesubiri husikia kila neno. Mbaya zaidi, kwa miezi miwili ya mwanzo mpokeaji alikuwa akiita watu kwa sauti, kwa jina na kwa shida: “Yule wa Uyole aliyepigwa na mumewe, ingia.” Nilipomlalamikia aliniambia kwamba wote waliopo wana shida ileile, kwa hiyo hakuna wa kumwonea mwenzake aibu. Siku moja mwanamke aliyeitwa hivyo aliinuka, akachukua mwavuli wake, akatoka nje, na hatukumwona tena. Tuliweka namba za vipande vya kadibodi baada ya hapo, jambo ambalo halikugharimu chochote na lingeweza kufanyika tangu siku ya kwanza. Ukuta bado uko vilevile.

Saa za kazi nazo ni za ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa hadi saa tisa na nusu alasiri, ilhali vipigo vingi tulivyoandika vilikuwa vya usiku wa Jumamosi. Kituo hakina nyumba salama. Mwanamke asiyeweza kurudi kwake hutafutiwa ndugu, na akikosa ndugu hutafutiwa msamaria, na mara mbili alilala kwenye chumba cha akina mama wa kanisa kwa hisani ya mchungaji. Kanuni inatukataza kumpeleka mteja nyumbani kwetu, nami naiona ni kanuni sahihi, ingawa siku ya baridi ya Julai niliivunja moyoni mara nyingi.

Lakini malalamiko yangu makubwa ni juu ya usuluhishi. Yale mafaili mawili tuliyofundishwa kuyatenganisha ukumbini, ofisini huunganishwa kila siku. Mume huandikiwa barua ya wito, hufika amevaa koti, akiwa ameandamana na mjomba wake, huketi, huomba radhi kwa maneno mazuri kuliko yetu sote, kisha huandikwa hati ya makubaliano yenye mihuri miwili, na mwanamke hurudi nyumbani akiwa ameishika. Sipingi suluhu. Katika matunzo ya watoto na mgawanyo wa mazao nimeona suluhu zikimaliza kwa saa mbili jambo ambalo mahakamani lingechukua mwaka, na watu wakabaki wanasalimiana. Ninachopinga ni kuupeleka kwenye meza ileile mpini wa jembe. Mama wa Uporoto aliletewa pendekezo hilo wiki moja baada ya kuripoti, kwa kuwa ukoo wa mume ulikuwa umekuja kuomba mambo yamalizwe kifamilia, na mratibu wa kituo aliona si vibaya kumsikiliza mzee wa watu. Mama yule alikataa kwa adabu kubwa. Wengine wengi hawakukataa.

Sababu niliielewa nilipokabidhiwa kuandaa taarifa ya robo mwaka. Jedwali la taarifa lina safu ya mashauri yaliyopokelewa, ya yaliyopelekwa mamlaka nyingine, na ya yaliyosuluhishwa. Na hii ya mwisho ndiyo inayosomwa kwa furaha na wanaotoa fedha, kwa maana inaonekana kama kazi iliyokwisha. Hakuna safu ya aliyesuluhishwa akarudi na jeraha jipya. Anaporudi huandikwa kama mteja mpya, kwa namba mpya, na hivyo huongeza pia idadi ya waliohudumiwa. Sisemi kwamba yupo aliyekusudia hila. Nasema kwamba jedwali huwafundisha watu kazi, na hili linawafundisha kazi isiyo yenyewe.

Nilichukua daftari kuu, nikapiga mstari kwa penseli pembeni mwa kila ukurasa, nikaandika juu yake “Amerudi”, na nikaanza kuunganisha namba mpya na za zamani. Mratibu aliliona wiki ya pili. Tulibishana kwa heshima, yeye akisema kwamba daftari ni mali ya kituo na halibadilishwi bila kikao, nami nikisema kwamba penseli inafutika na afute akitaka. Hakufuta, ila safu ile haijawahi kuingia kwenye taarifa. Hili ndilo sharti nililolisema mwanzoni: mwenye jeraha anayekwenda pale aseme waziwazi, tangu mahojiano ya kwanza, kwamba anataka jambo lake liende polisi, na aombe kusindikizwa siku hiyohiyo. Akisema hivyo, kituo kitamsindikiza, na kitamsindikiza vizuri. Akinyamaza, atasuluhishwa.

Kwa anayejitolea, gharama ni zake. Nauli ya daladala na bajaji hairudishwi, na siku za kuzunguka ofisi tatu nilikuwa nikitumia zaidi ya nilivyotumia nyumbani kwa mboga. Hakuna pia kikao cha sisi wenyewe kutua mizigo tuliyoisikia. Binti mmoja tuliyeanza naye, msikivu kuliko sisi wote, alipokea katika wiki moja mashauri mawili ya watoto, akaomba ruhusa ya siku moja, na hakurudi. Hatukumuuliza sababu, nadhani kwa kuwa tuliijua. Zawadi haziruhusiwi, jambo ambalo ni la haki kabisa, japo lilitutia katika mjadala mrefu mwezi Juni, mama wa Uporoto alipokuja na debe la viazi, akaliweka mlangoni, akasema “ndaga fijo”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka kabla hatujapata mtu wa kumrudishia. Shauri lake lilikuwa bado mahakamani. Viazi vilichemshwa na kuliwa na waliokuwa kwenye benchi, na mratibu aliandika hivyo kwenye daftari la kumbukumbu.

Mwenye shida aende Jumatano, mapema, kwa sababu ya wakili. Achukue cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama anavyo, na asikae nyumbani kwa kuwa hana. Jeraha likiwa bichi, polisi na hospitali vitangulie. Jambo likimhusu mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Anayetaka kujitolea ampelekee mratibu barua ya maombi Jumatatu kabla ya saa nne, maana siku nyingine huwa safarini wilayani. Aambatishe nakala ya kitambulisho cha taifa na jina la mdhamini mmoja. Mimi baada ya miezi ile tisa nimepunguza siku zangu hadi moja tu, Jumatano, na daftari kuu bado liko kwenye rafu ya chini kushoto. Atakayenipokea aje na penseli yake, maana za pale hazichongwi.